Marahaba Kabla ya Shikamoo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeletewa posa, na mshenga mwenyewe alikuwa mwanga.

Msinielewe vibaya. Sisemi alikuwa mtu mweupe, wala mtu aliyevaa nguo za kumetameta. Alikuwa mwanga, chembe moja ya mwanga, ndogo kuliko punje ya ulezi, inachezacheza mlangoni pa nyumba yetu hapa Tukuyu asubuhi ya ukungu na kubisha hodi kwa adabu zote. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimefundisha habari za chembe za mwanga miaka nenda rudi, lakini hakuna hata moja iliyowahi kunibishia hodi.

Aliyemkaribisha ni Shangazi Bupe. Ninaishi naye tangu alipostaafu ukunga, na ana kiu moja tu maishani, kuniona nimeolewa. Nimeshavuka arobaini bila kuikata kiu hiyo. Kwa hiyo aliposikia neno "mshenga" hakuuliza ni mshenga wa mwanga au wa giza. Alijifunga kitenge upya akatoka.

"Karibu ndani, baba, karibu," akasema, kisha akasita. Hakujua kama aamkie au aamkiwe.

"Mimi sina umri," mshenga akasema. "Tangu nilipotoka mpaka kufika hapa, kwangu haijapita hata dakika."

"Basi hujambo," Shangazi akasema, kwa kukwepa lawama.

"Sijambo, mama. Nimetumwa na Bwana Ambakisye. Yeye na binti yenu Sekela ni chembe mbili, na chembe mbili haziwezi kujuana mpaka apite mtu katikati yao. Mtu huyo ni mimi."

Hilo nalijua. Ndivyo ninavyowafundisha kidato cha sita: chembe haivutwi na chembe nyingine hivi hivi tu, lazima pawe na kitu kinachokwenda na kurudi kati yao. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu hicho kingehitaji kupikiwa chai.

"Nimeagizwa nifikishe neno," mshenga akaendelea. "Neno lenyewe ni..."

"Hakuna neno la posa linalosemwa wima," Shangazi akamkata. "Mgeni kwanza anakaa."

"Mama, mimi huwa sikai."

"Nyumba hii hajawahi kuingia mgeni akabaki amesimama."

"Mama, nikikaa ndiyo basi tena."

"Ehe! Kumbe kiti chetu kinakutia kinyaa?"

Mimi nilijua kitakachotokea. Nilifungua mdomo nimzuie Shangazi, lakini ukafungukia ndani, na sauti ikashuka kooni. Mshenga akamtazama Shangazi, akanitazama mimi, akaona hana namna. Akakaa.

Kiti kikapata joto. Basi, ni hivyo tu. Hapakuwa na mlio wala moshi. Shangazi akaweka kiganja juu ya kiti, akasema, "Pana moto kidogo hapa," kisha akainama kumtafuta mgeni chini ya meza.

"Usihangaike, mama," kiti kikasema. "Nimemmeza."

Kiti chetu ni cha mninga, na kilikuwa na sauti ya mtu aliyeshiba. Hakuna aliyeshangaa kwamba kinasema. Shangazi alichokasirikia ni tabia yake.

"Mtapike sasa hivi!"

"Mwanga hautapikwi, mama. Ukitoka, utatoka kidogo kidogo, joto tupu, hauna tena habari ndani yake. Lakini neno limebaki kwangu. Bwana Ambakisye anasema: Nimekubali."

Shangazi akashika kiuno. "Amekubali nini? Kaombwa na nani? Tangu lini mwanamume akakubali kabla hajaposa? Sekela, umemtongoza mtu?"

"Simjui, Shangazi. Haki ya Mungu."

Kiti kikatueleza taratibu, kwa namna ambayo hata mtoto angeelewa. Ambakisye haendi na siku kama sisi. Kesho yake yeye ni jana yetu. Alizaliwa huko mbele, kwenye miaka ambayo hatujaifikia, na anakuja huku akizeeka njiani. Ndiyo maana majibu yake tunayasikia kwanza, na maswali yetu tunamfikishia baadaye. Katika kupishana huko, leo hii yeye na mimi ni rika moja. Kesho hatutakuwa.

"Na swali lake ni lipi?" nikauliza.

"Hilo ni lako wewe," kiti kikasema. "Mshenga ameshakufa, kwa hiyo itabidi ulipeleke kwa mdomo wako. Jibu lisilopata swali halikai duniani. Litarudi lilikotoka, na mwenye jibu atarudi nalo. Itakuwa hakuwahi kuwapo."

"Nikimpata je?"

"Usimguse. Yeye ni kinyume chako. Mkigusana mtageuka mwanga, wewe na yeye, na hakitabaki hata kifungo."

"Sasa ndoa gani hiyo, watu hawashikani mikono?" Shangazi akalalamika. Lakini alikuwa ameshaniletea viatu, na yeye mwenyewe akapiga magoti kunifunga kamba.

Nikafungua mlango wa jikoni, jiko halikuwapo. Palikuwa na handaki, limezungushiwa bati jeupe, linakwenda likipinda polepole kuelekea kushoto mpaka macho yanashindwa kulifuata. Ndani kulikuwa na baridi kushinda Tukuyu ya mwezi wa saba. Langoni palining'inia kufuli.

"Unakwenda wapi, na kwa mwendo gani?" kufuli likauliza.

"Nakwenda..."

"Jibu moja tu. Ukinitajia mahali, mwendo naupanga mimi. Ukinitajia mwendo, mahali sitaki kuambiwa."

Hili nalo nalifundisha. Ubaoni ni mstari mmoja wa hesabu, na wanafunzi wanaunakili bila kinyongo. Nikataja mahali: alipo Ambakisye. Kufuli likafunguka, na miguu yangu ikaanza kwenda mwendo ambao sikuituma. Mara najivuta kama bibi harusi, mara kuta zinanipita kwa kasi hadi machozi yananitoka. Nikatazama chini. Nimevaa sketi ya bluu na soksi nyeupe za shule ya msingi, na magoti yangu yana makovu mabichi ya kuanguka.

Ukungu umejaa handakini. Ninakimbia. Mimi ni mtoto mdogo na sioni mtu yeyote. Mara sauti ya kizee inasema pembeni yangu, "Marahaba."

Hapa niwaombe tusimame kidogo, maana hili si la ndotoni. Hili lilinitokea kweli. Nilikuwa natoka shule peke yangu, ukungu umefunga, nakimbilia gogo tulilokuwa tunavukia mto Kiwira. Kando ya njia alikuwa amesimama mzee mwenye koti la mvua lililochakaa, limechanika mpaka kwapani. Sikumwona kabisa mpaka aliposema, "Marahaba."

Nilikufa kwa aibu. Nimempita mtu mzima bila kumwamkia, na yeye kwa kunisuta ameitikia salamu ambayo sikuitoa! Kwetu hilo lilikuwa kosa la fimbo. Nikasimama pale pale, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo, babu." Nilipoinuka, ukungu ulikuwa umesogea kidogo, nikaona gogo halipo. Mto ulikuwa umefura na umelizoa. Pale ambapo mguu wangu ungekanyaga palikuwa na maji mekundu yanayopita kwa ghadhabu. Nikageuka kumtazama mzee, naye hayupo. Nyumbani sikusema chochote, kwa sababu wangeanza kwa kuniuliza ilikuwaje sikumwamkia kwanza.

Ndotoni alikuwa yule yule, na koti lile lile. Ila safari hii nilimwona vizuri. Alikuwa anatembea kinyumenyume bila kujikwaa, uso wake kwangu, na machozi yalikuwa yanapanda juu ya mashavu yake na kuingia machoni. Akafifia ukunguni hivyo hivyo, akinitazama.

Handaki likazunguka. Nikagundua ni duara: ukienda mbele vya kutosha unarudi ulipokuwa, ila umekua. Mzunguko uliofuata nimevaa sketi ya sekondari, na yeye ana mvi kichwa kizima lakini mgongo umenyooka. Koti lina viraka pale lilipokuwa limechanika.

"Marahaba," akasema.

"Shikamoo," nikasema, mbio mbio, ili isimpite.

Mzunguko mwingine mimi ni mwalimu mpya, nina chaki vidoleni. Koti lake halina kiraka hata kimoja. "Marahaba, mwalimu," akasema. Nikamwambia shikamoo, lakini neno lilinitoka kwa shida, maana mtu mwenyewe alishakaribia kuwa wa kuitwa kaka, na alikuwa na macho ambayo hayamwachi mtu akapita hivi hivi.

Kando ya handaki, kuanzia hapo, walikuwa wamesimama watu nisiowajua. Wote wamefumba macho na mikono wameiweka nyuma. Hawana vivuli. Nikamuuliza mama mmoja kwa nini amefumba macho.

"Nikitazama, nitakachoona ndicho kitakachokuwa," akasema kwa sauti ya chini. "Sitaki isemwe ni mimi."

"Itakuwaje?"

"Pita, mwanangu. Usinifumbue."

Nikapita. Mgongoni nilihisi wote wamegeuza nyuso kunifuata, na macho bado wameyafumba.

Miguu ikapunguza mwendo, na handaki likawa maabara ya shule yangu. Ni maabara yenyewe kabisa, na meza zake zilizochorwa majina kwa bikari, na bomba lake lisilofungika vizuri. Ambakisye amekaa kwenye stuli upande wa pili wa meza. Koti la mvua ni jipya, linanuka mpira. Ana mvi kidogo kwenye panja, upande huu na huu, kama zangu.

"Safi," akasema.

"Mambo?" nikasema, na sote wawili tukacheka kwa sababu hapakuwa na shikamoo tena.

Kuzungumza naye kulitaka kuzoea.

"Kule unakokwenda wewe," akasema.

"Umetoka wapi?"

"Mvua tupu. Na ndizi zipo."

"Kukoje huko?"

"Sana. Unatembelea fimbo, lakini ulimi haujapungua ukali."

"Kwani nitazeeka?"

Akatabasamu. Alikuwa na pengo dogo kati ya meno ya mbele. Alipoanza tena hakuwa anacheka.

"Nilipokuwa mdogo nilichapwa sana," akasema. "Mwalimu akifungua mdomo aulize, mimi nimeshajibu. Watoto wenzangu wakanikimbia, wakasema nina mzuka. Mama yangu mzazi alikuwa ananitazama kwa pembeni. Alikuwapo bibi mmoja tu, jirani. Yeye alikuwa ananiacha nimalize majibu yangu yote, halafu anakaa na mimi kibarazani kuyatafutia maswali, moja baada ya jingine, mpaka yote yapate. Bila yeye ningekuwa kichaa. Alikuwa mwalimu mstaafu. Jina lake Sekela."

Swali la jibu hilo lilikuwa rahisi. "Alikuwa nani?" nikasema.

Nilimpenda. Sizunguki. Nilimpenda pale pale, kwenye stuli ya maabara, kuliko nilivyowahi kumpenda mwanamume yeyote niliyekuwa namshika mkono. Mimi nilikuwa nimeshauona uzee wake, na yeye ameshauona wangu. Watu wengine wanaoana bila kujua hilo, wanabahatisha tu, ndiyo maana kila siku kesi.

"Nimekubali," akasema.

Neno likabaki juu ya meza katikati yetu, linafuka mvuke. Nikaona limeanza kupoa.

Sasa swali nililokuwa nalo mdomoni mnalijua. Shangazi alinifunga kamba za viatu kwa ajili ya hilo. "Utanioa?" Ni neno moja, na jibu lake liko mezani tayari. Angenyoosha mkono, ningenyoosha wangu, tukawa mwanga, na mwanga hauzeeki wala haumwachi mtu mlangoni. Nani angekataa? Mkono wangu ulikuwa umeshafika katikati ya meza. Wake pia. Vinyweleo vikanisimama. Hewa kati ya vidole vyetu ikaanza kuwa nyeupe, na majina yaliyochorwa mezani yakasomeka yote, hata ya wanafunzi waliokwisha kufa.

Ndipo niliposikia mto.

Ulikuwa unanguruma nje ya dirisha. Nikatazama. Pale panapokuwa na uwanja wa mpira pana ukungu, na njia, na kasichana kenye soksi nyeupe kanakimbilia gogo ambalo halipo. Kando ya njia hakuna mzee. Nikageukia dirisha la upande wa pili. Huko pana kibaraza, na mtoto wa kiume amekaa peke yake, anajibu, anajibu, anajibu, na pembeni yake hakuna bibi.

Nikaurudisha mkono. Niliurudisha nikilia, tena kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani.

"Utakubali," nikaanza, sauti ikakatika. Nikaanza upya, maana swali nusu lisingelishika jibu zima. "Utakubali uzeeke peke yako, koti likuchakalie mwilini, uende ukasimame kando ya Kiwira kwenye ukungu, umngojee mtoto ambaye hakujui, umwitikie salamu ambayo hajaitoa?"

Swali likashuka likatua juu ya jibu. Yakashikana barabara, kama kifuniko na sufuria yake.

Ambakisye hakushtuka, kwa kuwa yeye alikuwa amelisikia kabla. Alilisikia, akalifikiri, ndipo akasema amekubali. Nikaelewa hivyo nikiwa nimemtazama usoni, na nilitamani nisingeelewa.

Akainuka kwenye stuli, akaizunguka meza kinyumenyume mpaka akafika ubavuni pangu. Akainama kwenye sikio langu la kushoto, karibu kiasi kwamba ngozi ilipata joto, lakini hakunigusa.

"Sekela," akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu jina kwa mara ya kwanza.

Na kweli kwake ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia maabara na kunikuta mimi ni rika lake, si bibi tena. Kwangu mimi ilikuwa ndiyo mwisho. Akatoka mlangoni kinyumenyume, uso wake umejaa furaha ya kuja.

Handaki likazunguka tena, hata sikuliomba. Ukungu ukafunguka, nikamwona kijana mrefu mwembamba anakuja, hajaota ndevu, mikono ya koti inafunika vidole vyake. Adabu zake nilikuwa nimeshazijua. Nikajikaza, nikatangulia mimi.

"Marahaba," nikasema.

"Shikamoo, mama," akasema, akapita.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, mvua inanyesha, na Shangazi Bupe, yule wa kweli, ameingia chumbani bila hodi na kikombe cha chai kama kawaida yake. Akaniwekea kikombe kwenye kigoda. Akageuka aondoke. Kisha akarudi, akanishika kidevu, akanigeuza kichwa kuelekea dirishani.

"We Sekela, umepaka piko?"

"Piko ya nini, Shangazi?"

"Sasa si panja hili la kushoto! Jeusi tii. Huku kulia mvi zako zimekaa pale pale. Kama ni kujiremba, mbona umeremba upande mmoja?"

Nikachukua kioo. Juu ya sikio la kushoto nywele zilikuwa nyeusi mpaka kwenye mizizi, laini, kama za binti wa sekondari. Nikazigusa kwa kidole kimoja. Nikashindwa kuzuia machozi, na haya yalishuka chini kama ya watu wote.

"Hee, sasa unalia nini? Imekupendeza," Shangazi akasema, sauti imelainika. "Mimi hapo dukani naweza kukununulia nyingine, tumalizie na upande wa pili leo leo. Ukirudi ujanani hivyo, watakuja kuposa mpaka tuwafukuze."

"Acha, Shangazi," nikasema. "Mimi nataka kuzeeka."

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kuona kama nina homa.